Boti Tuliyoizamisha Wenyewe

Kwa miaka sita nyumba yangu ilikuwa boti, na kwa muda huo wote sikujifunza kuogelea. Nikisema hivyo leo watu hucheka, lakini wakati ule sikuona ajabu. Anayeishi ghorofani hajifunzi kuruka.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini, Mjaluo wa Kendu Bay. Mimi ni Mkuria, mzaliwa wa vilima vilivyo nyuma ya Kehancha, ambako maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto uliofurika. Tulikutana Migori mjini. Nilikuwa nashona kwenye baraza la duka la vitambaa, naye alikuwa akija kutengeneza mashine ya kusaga mahindi katika jengo la pili. Tukaoana, na kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake kiasi cha kuweza kugombana kwayo, nyumbani tuliongea Kiswahili.

Kwa kawaida angenipeleka kwao anijengee nyumba. Lakini baba yake alipofariki, yeye na kaka yake mkubwa walikosana juu ya mpaka wa shamba. Walitupiana maneno mbele ya wazee, na mume wangu akaondoka akisema hatakanyaga pale tena. Akanunua boti kuukuu iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo, akaijengea chumba, akaezeka kwa mabati, akaweka kitanda cha mbao upande mmoja na cherehani yangu upande wa pili, imefungwa sakafuni kwa bolti ili isitembee mawimbi yakija.

"Hii ndiyo boma yangu," aliniambia siku ya kwanza.

Nikapanda. Nilikuwa bado bibi arusi.

Maisha hayakuwa mabaya. Tulizunguka kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, Muhuru Bay, Karungu, Mbita, mara mojamoja mpaka Homa Bay, popote penye injini mbovu na matanga yaliyochanika. Kendu Bay hatukwenda kamwe. Yeye alifungua injini, mimi nilishona matanga, na kila Januari nilishona sare za shule. Binti yetu alizaliwa mwaka wa kwanza. Nilimfunga kamba kiunoni tangu alipoanza kutambaa mpaka alipofika miaka minne, kisha nikampeleka kwa mama yangu Kehancha aanze shule, maana boti isiyokaa mahali pamoja haina shule. Tangu siku hiyo nilianza kuichukia. Niliichukia jinsi mtu anavyochukia kiatu kinachobana: si kila saa, lakini kila siku. Sikumwambia yeyote.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, kuelekea mwisho wa miaka ya tisini. Watu wa rika langu wanaukumbuka. Barabara ya kuja Muhuru ilikatika, ikatengenezwa, ikakatika tena. Kila alasiri upepo ulitoka ziwani, na wiki ile tuliyokuwa Muhuru Bay ulizidi siku baada ya siku. Ijumaa mchana wanaume watatu waliingia kutoka upande wa Tanzania kwa mashua iliyopasuka ubavuni. Mmoja alikuwa na mkono uliofungwa kwa kipande cha wavu. Walisema kwao upepo uliinua mashua kutoka mchangani na kuzitupa juu ya mapaa ya watu, na wingu lililofanya hivyo lilikuwa bado linazunguka ziwani. Mwenyekiti wa ufuo akapita akitangaza kwamba kila mwenye mashua aivute mpaka kwenye nyasi.

Mashua za Muhuru huvutwa na watu wanane au kumi. Yetu, hata ukileta watu arobaini, ingebaki pale pale.

Jumamosi asubuhi mume wangu alisimama juu ya paa muda mrefu akitazama ziwa. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya majivu. Aliposhuka alikunywa chai yake yote kwanza, ndipo akasema:

"Tuizamishe."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Tuzamishe nini?"

"Boti."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa mtu wa utani asubuhi.

"Kuivuta haiwezekani," akasema. "Tukiiacha inaelea, upepo utaipasua kwenye mawe. Tukikimbia nayo, hatujui wingu litatukuta wapi. Lakini kitu kikiwa chini ya maji, upepo utakishikia wapi?"

"Na vitu vyangu?"

"Vinavyotoka tutavitoa. Vingine vitakaa chini na boti, halafu tutaiinua."

"Umeshawahi kufanya hivyo, baba?"

"Nimeona ikifanywa. Kisumu, nikiwa najifunza ufundi. Mzee mmoja alizamisha boti yake kwa makusudi."

"Akaiinua?"

Akaweka kikombe chini. "Sikukaa kuona. Kazi yangu pale ilikuwa imeisha."

Upande wa kaskazini wa ufuo, nyuma ya mwamba, palikuwa na mlango mwembamba wa maji ulioingia katikati ya mafunjo. Chini palikuwa na tope, hapakuwa na mawe, na kina chake kilimfunika mtu mrefu aliyenyoosha mkono juu. Tuliisukuma boti hadi pale kwa miti, tukaanza kutoa vitu.

Shida ilikuwa watu. Ile injini isingebebwa na mtu na mke wake. Nusu ya ufuo walikuwa Waadventista, na ilikuwa Sabato. Wao walivuta mashua zao Ijumaa kabla ya jua kutua, wakaoga, wakaenda kulala. Nusu nyingine walikuwa bado wanahangaika na mashua zao wenyewe. Mume wangu akaenda kanisani hivyo hivyo, suruali imekunjwa, matope magotini, akasimama mlangoni akingoja wimbo uishe. Alinisimulia baadaye kwamba mzee wa kanisa alimwuliza mbele ya watu wote:

"Ni kazi au ni shida?"

"Ni shida," akajibu.

Wanaume wanne wakatoka. Walivua viatu na soksi, wakavipanga mlangoni, wakaja na mashati yao meupe. Waliifunga injini kwenye miti miwili, wakaipandisha hadi nyumba ya mama mmoja mjane aliyekaa kwenye mwinuko, juu ya mahali pa kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Kila mtu pale alimwita dani, yaani bibi, na mimi pia nilimwita hivyo. Alikubali injini ikae sebuleni kwake bila kuuliza itakaa siku ngapi.

Nilitoa cherehani, vitambaa, tanga la mteja mmoja lililokuwa halijaisha kushonwa, godoro, redio, na nguo za binti yetu ambazo zilikuwa zimeshakuwa ndogo kwake. Masufuria niliyaacha. Mume wangu alifungua mabati ya paa moja moja, akayalaza juu ya kitanda, akayakandamiza kwa mawe. Kisha tukajaza mawe kwenye magunia, tukayapanga chini pande zote mbili, mpaka boti ikawa nzito kiasi kwamba maji yalikaribia kingo zake. Alifunga kamba nne, mbili kwenye mwamba na mbili kwenye vigingi, na kwenye pua ya boti akafunga kamba nyingine yenye jerikeni tupu la njano, ili tujue ilipo.

Karibu saa sita aliteremka mahali injini ilipokuwa na kung'oa kizibo. Maji hayakuingia kwa kishindo. Yaliingia kama mtu anayejaza ndoo bila haraka. Alipotoka na kuja kusimama nami kwenye ukingo, yalikuwa yamefika kitandani. Nilikuwa nimesahau pazia la dirisha, la maua mekundu; niliona likiinuka na kuelea, likipunga huku na huku. Wale wanaume wanne walisimama nasi. Mmoja alivua kofia. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Mwishowe pua ilishuka, mapovu yakatoka kwa muda, kisha likabaki jerikeni peke yake juu ya maji.

Nilitarajia kuhuzunika. Nilichohisi ni wepesi, kama umetua mzigo wa kuni. Niliona aibu, nikageuka nikaanza kukusanya kamba zilizobaki, ingawa hapakuwa na haja.

Upepo ulifika saa tisa. Kwanza ziwa lilibadilika rangi kwa mbali, mstari mweusi ukija kwetu, kisha tukasikia sauti kama malori mengi yakipanda mlima kwa gia ndogo. Sisi tulikuwa ndani kwa dani, pamoja na mmoja wa wale wanaume wa kanisa ambaye hakuwahi kufika kwake. Mvua ilikuja imelala. Iliingia kwa mlango uliofungwa, kwa dirisha lililofungwa, na kwa mahali ambapo ukuta wa udongo ulikutana na paa. Dani alikaa juu ya magunia yake ya omena na kanga mbili kichwani, akatuambia tusimame katikati ya nyumba, tusiegemee ukuta.

Kisha kona moja ya paa ikaanza kuinuka. Iliinuka, ikaanguka, ikainuka juu zaidi, na tuliona anga kupitia pengo.

"Kamba!" mume wangu akapiga kelele. "Leta kamba!"

Yeye na yule mwanamume walirusha kamba juu ya boriti, wakaikaza, wakaifunga kwenye injini yetu pale sakafuni. Upepo ulipokuja tena, kamba ilinyooka na niliiona ile injini ikisogea kidogo kwenye udongo, kama ng'ombe anayetaka kuamka. Haikuamka. Kwa karibu saa tatu tulikaa tukiitazama. Mabati mawili ya upande mwingine yalikwenda, lakini nyumba ilibaki na paa lake.

Upepo ulipotulia, kulikuwa bado na mwanga kidogo. Tulitoka nje. Vichanja vyote vya omena vilikuwa vimekwenda. Kanisa lilikuwa na kuta nne na mbingu. Viatu vya wale wanaume vilikutwa siku ya pili shambani kwa mtu, jozi tatu na kimoja. Mashua zilizovutwa hadi kwenye nyasi zilikuwa zimerundikana kwenye ua wa michongoma, nyingine zimepasuka katikati. Wanaume wawili wa ufuo wa jirani walikuwa wamekwenda kuokoa nyavu zao na hawakurudi. Walizikwa wiki ile. Sikuwajua, lakini mmoja nilikuwa nimemshonea tanga.

Asubuhi ya Jumapili tulikwenda kuitazama boti yetu, na hatukuuona hata ule mlango wa maji. Mahali tulipoiacha palikuwa na kijani kitupu, kuanzia mwamba hadi ufuoni. Upepo ulikuwa umesukuma kisiwa kizima cha mafunjo na magugu maji, kikubwa kama uwanja wa shule, ukakipakia pale. Ndege mmoja mwenye miguu mirefu alikuwa akitembea juu yake, akidonoa. Jerikeni halikuonekana.

Mume wangu alikaa juu ya mwamba. Akasema, "Angalau tunajua haijaenda mbali."

Tulikata kwa panga siku tatu. Yeye alikuwa ndani ya maji, amejifunga kamba, anakata vipande. Mimi nilikuwa kwenye mwamba, navivuta kwa kulabu. Mizizi ya mafunjo imeshikana kama nywele zilizosukwa. Unakata mara kumi ndipo kipande kinaachia. Tulitoa nyoka watano. Siku ya tatu, alasiri, mti wake uligonga mbao. Alipiga mbizi, akakaa chini muda ulionichosha, akatokea.

"Ipo," akasema. "Imelala upande kidogo, lakini ipo."

Jioni ile, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba ya dani, nilimwambia. Sikuwa nimepanga.

"Ikikataa kutoka, mimi sitalia."

Alikuwa anakamua shati lake. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mtoto aende." Akaendelea kukamua mpaka hakukubaki tone, akalitundika.

Siku iliyofuata, nikiwa juu ya mwamba na kulabu yangu, nilimwona mwanamume anakuja kando ya ufuo kwa miguu, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake, kikapu kimefunikwa mkononi. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye mazishi ya baba mkwe, lakini nilimtambua kwa jinsi alivyotembea, maana ndugu wale wawili walitembea sawasawa, bega la kushoto mbele. Barabara ilikuwa imekatika, na kutoka pale matatu ilipomwacha alikuwa ametembea tangu asubuhi ya jana yake. Alinisalimia kwa mkono, akaniita mama, kisha akasimama akimtazama mdogo wake aliyekuwa ndani ya maji hadi shingoni. Hawakuwa wamesemezana kwa zaidi ya miaka sita. Waliongea Kijaluo, ambacho kufikia wakati ule nilikuwa nakisikia vizuri.

"Redio ilisema boti zimepotea Muhuru," kaka akasema.

"Zimepotea," mume wangu akajibu. "Yetu iko hapa."

"Wapi?"

"Hapa nilipokanyaga."

Kaka yake alitazama yale maji ya kahawia. Akaweka kikapu chini kwenye kivuli, akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya viatu.

"Nifanye nini?"

"Mawe. Kuna mawe ndani kwenye magunia. Yatoke kwanza."

Ndivyo walivyopatana, kama ile ilikuwa kupatana. Kwa siku mbili niliwasikia wakiongea juu ya mawe tu: shika hapa, achia, hilo ni zito, ngoja nipumue. Kaka hakujua kupiga mbizi kama mdogo wake, kwa hiyo alisimama juu ya mwamba akivuta kamba, na mdogo alikwenda chini kufunga. Mikono ya shemeji ilichubuka mpaka nikaifunga kwa vitambaa. Alikuwa mkulima, mtu wa jembe, na maji aliyaogopa. Kila mume wangu alipozama, shemeji aliacha kupumua mpaka amwone tena.

Mawe yalipoisha walifunga mapipa manne matupu kwenye mbavu za boti, na watu wa ufuo wakaja na miti mirefu ya kuinulia. Kingo za boti zikatokea juu ya maji, zimejaa tope, zinanuka. Kizibo kikarudishwa, tukaanza kumwaga maji. Ndoo saba, watu saba, kuanzia asubuhi. Ilipofika saa nane maji yalikuwa pale pale. Mume wangu akapiga mbizi tena, akatoka na habari kwamba ubao mmoja wa chini, upande wa kushoto, ulikuwa umefunguka, mkono unaingia. Misumari haipigwi chini ya maji. Watu wakaweka ndoo chini, wakaanza kutafuta maneno ya kuagia.

"Hiyo ni nguo iliyotoboka," nikasema.

Mmoja alikuwa tayari anavaa shati.

"Itiwe kiraka," nikasema tena. "Kwa nje. Nitashona tanga likunjike mara mbili, katikati niweke godoro. Mlipitishe chini kwa kamba, mlivute mpaka lifike penye tundu. Maji yenyewe yatalisukuma lishike."

Mume wangu alifikiri. "Kubwa kiasi gani?"

"Pima wewe. Wewe ndiye unayeogelea."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile, mimi niliyekuwa nikiiombea boti ile ibaki chini. Jibu ninaloweza kulitoa bila kudanganya ni kwamba nilikuwa nimechoka kutazama wale ndugu wawili wakimwaga maji yanayorudi.

Tanga la yule mteja lilikuwa bado kwangu. Mashua yake ilikuwa imevunjika vipande viwili, akaniambia nilitumie, yeye halina pa kumpeleka. Lakini halikutosha, palihitajika upande wa ndani pia, kitambaa kizito cha kushikilia pamba ya godoro. Nilikuwa nimeweka cherehani chini ya upande wa paa uliobaki mzima kwa dani, nikipima na kupima tena, shemeji amesimama mlangoni. Akaondoka. Aliporudi alikuwa ameshika shuka jeupe, jipya, mikunjo ya dukani ikiwa bado imo, kutoka kwenye kile kikapu chake.

"Tumia hii," akasema kwa Kiswahili.

Nilimtazama, naye akatazama nje. Mtu hatembei siku mbili na shuka jipya jeupe kikapuni kwa ajili ya kujifunika. Alikuwa amelibeba liwe sanda yetu, wote wawili kama ingebidi, maana lilikuwa pana sana.

"Asante, shemeji," nikasema, nikatia mkasi.

Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito, hakikuteleza chini ya sindano. Nilimaliza kesho yake asubuhi. Kiraka chenyewe kilikuwa na ukubwa wa mlango, nimekishona mistari ya kukatiza kama blanketi lililotiwa pamba, kamba nne kwenye pembe. Mume wangu alizama na kamba mbili, akazitoa upande wa pili, na watu wakavuta polepole, yeye akiongoza kutoka chini kwa kugonga mbao: mara moja vuta, mara mbili simama. Kisha tukashika ndoo tena. Mimi nilikuwa na sufuria la dani. Kwa nusu saa ya kwanza sikuthubutu kuangalia. Halafu shemeji, aliyekuwa ameweka alama ya mkaa kwenye mbao, akasema maji yameshuka kidole. Baadaye kiganja. Watu wakaanza kumwaga kwa kasi, na mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa wa mwendo wa haraka kuliko unavyoimbwa kanisani.

Alasiri kitanda changu kilitokea, na mabati juu yake vilevile yalivyolazwa. Ndani ya kabati la masufuria palikuwa na kambare mkubwa kama mkono wangu, akinitazama. Dani alimchukua bila kuuliza ni wa nani. Tulimla usiku, watu tisa.

Kukarabati kulichukua wiki mbili. Boti ilivutwa hadi mahali pa kina kifupi, ikaegeshwa kwa ubavu, ubao ukatolewa na mwingine ukawekwa, mianya ikazibwa kwa pamba na mafuta. Tope lilikuwa kila mahali, hata ndani ya kitasa cha mlango. Nilikwangua, nikamwaga maji, nikakwangua, na bado harufu ya chini ya ziwa haikutoka. Ilikaa kwenye mbao. Shemeji alibaki muda wote huo. Mara moja nilimwuliza kama watu wa nyumbani hawatahangaika. Alisema alituma neno kwa mtu aliyekuwa anakwenda Migori, kwamba wote ni wazima. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mahindi ya mwaka ule yalikuwa yameharibika kwa mvua, kwa hiyo hakukuwa na cha kumrudisha haraka.

Siku injini iliporudishwa ndani na kuwaka, mume wangu aliizima, akafuta mikono, akaniambia:

"Kaka anarudi kwao. Barabara bado. Tumpeleke."

Nilikuwa nikimtazama. Yeye alikuwa akitazama kitambaa alichofutia mikono.

"Tumpeleke," nikasema.

Kufika Kendu Bay kutoka Muhuru ilikuwa lazima kuzunguka kisiwa cha Rusinga, kwa sababu pale Mbita njia ya katikati ilikuwa imezibwa kwa tuta la mawe la barabara iendayo kisiwani. Tulikwenda siku mbili. Shemeji alikaa katikati ya boti, mkono mmoja kwenye mguu wa kitanda, hakusimama ila tulipotia nanga. Homa Bay hatukuweza kufika gatini. Magugu maji yalikuwa yameifunga ghuba, na tuliyapita kwa mbali tukisukuma vipande kwa miti. Siku ya pili, kabla ya saa sita, tulikuwa Kendu Bay.

Mama mkwe alikuja hadi majini. Alimshika mume wangu masikio yote mawili, jinsi unavyomshika mbuzi, akamtikisa kichwa. Mimi alinishika mikono, akaipapasa vidole kimoja kimoja, akasema fumbo juu ya sindano ambalo sikulielewa na hakuna aliyenifafanulia.

Kwa mila yao hatukuweza kulala ndani ya nyumba ya kaka mkubwa, kwa hiyo tuliendelea kulala botini, ikiwa imefungwa ufuoni, mpaka kiangazi, wakati mume wangu alipojenga vyumba viwili vya udongo na kuviezeka kwa mabati yale yale. Binti yetu akaja muhula uliofuata. Mume wangu aliendelea na kazi ya injini, sasa akienda na kurudi jioni. Kwa miezi michache ya kwanza kuna siku alirudi akalala botini peke yake, akisema amechelewa, na sikumwuliza. Kisha akaacha.

Juu ya mpaka wa shamba sikuwahi kuwasikia wakizungumza. Jiwe la mpaka lilibaki pale lilipokuwa. Mwaka wa pili ng'ombe wa shemeji aliingia kwenye mahindi yetu akala mistari mitatu, na ndugu wale wawili walisimama kila mmoja upande wake wa jiwe, wakigombana kwa sauti kubwa tangu asubuhi hadi karibu adhuhuri, mpaka mama yao akawatuma wote wawili kwenda kumtafuta huyo ng'ombe, ambaye kwa muda huo alikuwa ameshafika kwa jirani.